Fimbo Isiyofika

Jua likishapungua makali, mbele ya nyumba yenye harusi mtaani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, wanaume husogea nyuma kidogo kidogo mpaka uwanja ukapatikana katikati ya kichochoro. Hakuna anayetoa amri. Zumari imelia mara moja, ngoma ya chapuo ikaitika, na kila mtu amekwisha kujua mgongo wake uegemee wapi. Wazee hawabanduki barazani. Watoto wanapenya baina ya miguu ya wakubwa. Kisha mtu mmoja anavua makubadhi, anakaza kikoi, anaokota fimbo na kuingia.

Hiyo ni kirumbizi, ngoma ya vita inayochezwa Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko pwani, harusini na katika sikukuu. Wawili huzungukana kwa hatua za ngoma, mmoja akipiga, mwenziwe akikinga, mpaka wa tatu aingie kumpokea mmoja wao. Anayeitazama mara ya kwanza hungoja kuona nani ataumia. Mwenye kuijua hungoja jambo jingine. Hungoja ule wakati fimbo inaposhuka kwa kasi ya kweli kutoka juu ya bega, yenye nia na uzito wote, halafu ikafia hewani, upana wa kiganja tu kabla ya mbavu. Hapo ndipo baraza zima hushusha pumzi, na mzee mmoja hutikisa kichwa kama aliyeonja kahawa iliyokolea.

Kumpiga mtu ni kazi rahisi. Kumkosa kwa mbali, ukipunga fimbo kama anayefukuza kunguru, ni rahisi zaidi. Kazi ni kuileta fimbo karibu kiasi cha mwenzio kuusikia upepo wake, na yeye abaki salama, na watazamaji wabaki na shaka. Ikiwa mbali, mchezo umekufa kwa ubaridi. Ikifika, mchezo umekufa kwa aibu. Katikati ya vifo hivyo viwili pana nafasi ndogo mno, na watu wa pwani wamekaa humo vizazi kwa vizazi, wakiipanua.

Mtazame mchezaji mzuri kuanzia chini. Unyayo wake hauinuki sana, unaburura vumbi, kwa sababu mtu aliyeinua mguu hawezi kujizuia akishatupa mkono. Magoti yamelegea. Bega la mkono wa fimbo limetulia, na nguvu haitoki begani hata kidogo, inatoka kiunoni na kumalizikia kwenye kifundo cha mkono, na kifundo hicho ndicho breki. Vidole vitatu vya mwisho vimeifumbata fimbo barabara. Kidole gumba na cha shahada vimeilegeza, vinaisikiliza. Mkono wa kushoto haukai bure pia: uko mbele ya kifua au nyuma ya mgongo, ukiweka mizani, na mara nyingi ndio unaosema uongo, ukimwita mwenzio atazame kushoto ilhali fimbo inakuja kulia.

Haya yote niliyakosa utotoni. Tulikuwa tukicheza uani kwa mipini ya fagio, watoto wa ndugu na majirani, na siku moja nikampiga binamu yangu kwenye vifundo vya vidole mpaka akalia. Mzee wa nyumba ile hakunichapa. Aliutwaa ule mpini, akaniweka kando, nikakatazwa kucheza, nikaruhusiwa kutazama tu, na hali hiyo ikaendelea siku nyingi. Aliniambia kwa Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, niyatazame mato ya mwenzangu, niachane na fimbo yake. Sikuelewa wakati ule. Nilidhani ananifundisha namna ya kujikinga, kumbe ananifundisha namna ya kumlinda yule ninayempiga. Ukiyatazama macho ya mtu utajua kama amekuona unakuja. Kama hajakuona, fimbo yako haina haki ya kushuka, hata kama nafasi iko wazi. Mchezaji anayetumia nafasi ya namna hiyo hupata shangwe ya vijana mara moja, na baada ya hapo hatapata mtu wa kuingia naye uwanjani.

Na masikio. Kirumbizi haichezwi kimya, kwa hiyo mwenye fimbo ana bwana wake, naye ni mpiga zumari. Wengi humpita mtu huyu bila kumtazama. Amekaa pembeni, mashavu yamefura kama mabofu, na sauti haikatiki. Siri yake iko puani. Huvuta hewa kwa pua huku akisukuma kwa mashavu ile aliyoihifadhi kinywani, kwa hiyo zumari hailazimiki kupumua. Jaribu mwenyewe na mrija katika glasi ya maji: viputo visikatike hata mara moja kwa dakika mbili. Utaona jinsi mwili unavyokataa. Mpiga zumari ameushinda mwili wake katika jambo hilo miaka mingi iliyopita, na sasa anaweza kuwatazama wachezaji huku akipuliza. Akiona damu imechemka baina ya wawili hushusha sauti, akarudi kwenye mzunguko wa polepole, na ngoma ya vumi ikamfuata. Miguu hutii kabla vichwa havijafahamu. Akiona mchezo umepoa hupanda juu kabisa, sauti ikawa nyembamba kama uzi, na vijana wakarushwa kama waliochomwa sindano. Nimewahi kuona ugomvi wa kweli ukizimwa kwa zumari peke yake, bila mtu kuinuka barazani.

Watu wa mataifa mengine nao wanaitafuta nafasi ile ile kwa njia zao. Mwaka 1982, katika ngome ya Peckforton huko Cheshire, Uingereza, watu wazima walianza kukutana wakivaa mavazi ya mashujaa na majini, wakipewa majina na vyeo vya kubuni, wakipigana kwa panga zilizofunikwa povu la sponji. Michezo ya namna hiyo imeenea Ulaya na Amerika Kaskazini, na Ujerumani hukusanya maelfu ya wachezaji katika kambi za kiangazi, wakila pamoja, wakilala mahemani, wakiitana kwa majina ya mchezo siku kadhaa. Sharti la kwanza analofundishwa mgeni ni kuupunguza mkono: pigo lionekane zito na liguse jepesi. Nilipolisoma sharti hilo nilimkumbuka yule mzee na mpini wa fagio.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, sponji yao ni mgomba. Kila mwaka, mwezi wa Julai, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili za mji huingia uwanjani na vigogo vya mgomba na kupigana kwa hasira iliyowekewa siku maalumu, huku wanawake wakipita kwa nyimbo za kejeli. Kijibanda cha makuti huchomwa moto. Wakimaliza, kinyongo cha mwaka mzima kimekwisha, na kila nyumba hupika, na ni vibaya kumwacha mgeni bila chakula. Nauheshimu mgomba. Hata hivyo, na nisemwe kwa upendeleo wa nyumbani, naiona fimbo ya kirumbizi kuwa ndiyo mtihani mkubwa zaidi, maana mgomba umelainishwa na Mungu, na fimbo inalainishwa na mtu.

Ila Mombasa haikukomea kwenye fimbo. Mji huu ulipata kuicheza vita kwa ukubwa ambao leo wengi wameusahau, na uliyapa mashindano hayo jina lililotokana na bendi: beni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo, aliufuata mwanzo wake mpaka miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Fikiria wakati wenyewe. Mwaka 1895 Waingereza wametangaza himaya yao. Mwaka 1896 kazi ya reli imeanza kisiwani. Bandarini mnaingia manowari, ufukweni mnashuka wanajeshi wenye tarumbeta, na habari za bendi ya Sultani kutoka Unguja si ngeni masikioni mwa watu. Mji uliokuwa na desturi ya kushindana mtaa kwa mtaa, kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu, ukayatazama magwaride yale na kuona ngoma mpya ndani yake.

Wakatokea Kingi, chama cha waliojiita kwa jina la mfalme. Wakatokea Skochi, na jina hilo ni la wale askari wa Skotlandi wanaovaa sketi na kupuliza zumari za mfuko. Baadaye wakaja Sadla, jina lililotokana na masetla. Kila chama kilikuwa na sare, na kila mwanachama na nafasi yake katika safu ya vyeo iliyopangwa kwa makini: mfalme juu, chini yake majenerali, na kuendelea kushuka, hadi madaktari na wauguzi. Saluti ilipigwa. Amri ilitolewa na kutiiwa. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akibeba magunia bandarini angeweza kuwa jenerali jioni, na aliyemsalimu kwa cheo hicho hakuwa anatania.

Wazungu wengi walioliona jambo hili walisema ni kuiga. Sikubaliani nao. Anayeiga hutazama nje, kwa yule anayemwiga, aone kama amepatia. Watu wa beni walitazamana wao kwa wao. Jenerali wa Kingi hakutaka kufanana na jenerali wa London. Alitaka Skochi waumie roho wakimwona akipita na safu yake imenyooka. Na ubunifu ulikuwa katika kuubeba ule uhusika bila kuuacha uteleze. Sare unaweza kuishona kwa siku tatu. Kuishi ndani yake, ukitembea kwa mwendo wake, ukila kwa adabu yake, ukiamua ugomvi wa wanachama kwa haki inayostahili cheo chako cha kubuni, hiyo ni kazi ya miaka. Cheo kilikuwa na gharama: mwenye kukitaka alitakiwa atoe, awalishe watu, aonekane anakiweza. Akikivaa na kukifanyia ubakhili, kilimvuka mbele ya mji mzima.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliichukua beni ikatoka pwani. Askari na wapagazi waliieneza ndani ya Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana mji kwa mji. Ikafika Nyasaland, ikazaa ngoma ya mganda. Ikafika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ikaitwa mbeni. Wafanyakazi wa migodi hiyo walipogoma mwaka 1935 na watu wakauawa kwa risasi, tume ya uchunguzi iliulizia sana habari za ile ngoma. Hofu ya serikali naielewa. Watu waliokwisha kuzoea kupanga safu, kupeleka taarifa na kumtii kiongozi waliyemchagua wenyewe walikuwa wamejifunza mambo mengi kwa kucheza.

Wanawake wa Mji wa Kale walikuwa na ngoma yao, lelemama, na hapa ndipo ufundi wa kutofikisha pigo ulipofika kileleni. Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, ameeleza vyama vyao, na wapinzani wakubwa wawili: Ibinaal Watan na Banu Saada. Navyo vilikuwa na vyeo, sare, michango na karamu. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na kumbukumbu yake ilikuwa bado mbichi katika kila nyumba. Ndani ya chama, waliotoka katika ukoo wa kiungwana na waliotoka katika ukoo wa watumwa waliweza kukutana katika safu moja. Usawa kamili haukuwapo, lakini safu ilikuwapo, na sare ilikuwa moja.

Mwendo wa lelemama ni mdogo. Safu imesimama, miguu haina haraka, na mikono inasogea kama inayopapasa maji ya bahari iliyolala. Mgeni huweza kudhani hapana jambo. Asikilize basi maneno.

Wimbo wa mashindano hutungwa kwa fumbo. Jambo limetendeka mtaani: fulani kamnyang'anya shoga yake mume, fulani kala amana ya chama. Mtunzi hawezi kumtaja, na hataki kumtaja. Kumtaja ni kupiga vifundo vya vidole kwa mpini wa fagio. Basi hutafuta kitu: chungu kisichofunikwa, ndege aliyeacha kiota, jahazi lililotia nanga bandari ya watu. Kila neno lazima libebe sura mbili, na sura ya juu isimame yenyewe hata kwa mtoto asiyejua lolote. Kisha ule wimbo huimbwa kwa sauti tamu, kwa mikono ile inayopapasa maji, mbele ya yule yule aliyekusudiwa. Anajua. Jirani yake anajua. Wote wanajua kwamba anajua. Lakini hapana mtu, mbele ya kadhi wala mbele ya mumewe, anayeweza kuapa kwamba yeye ndiye aliyeimbwa. Upana wa kiganja, kama fimbo. Na kwa kuwa hakuvunjiwa heshima waziwazi, njia ya kurudi ameachiwa: ajirekebishe kimya, au amjibu mtunzi kwa fumbo zuri zaidi juma lijalo.

Nafikiri juu ya akili iliyohitajika kutunga jibu hilo. Lazima lichukue chombo kile kile, chungu au jahazi, na kukigeuza upande wa pili. Likija na mfano mpya kabisa, watu watasema kakimbia. Mtunzi wa jibu hutakiwa aingie ndani ya nyumba ya adui wake, ahamishe kitu kimoja tu, na nyumba nzima ibadilike maana. Wanawake waliofanya kazi hiyo, wengi wao, hawakuandikiwa hata jina katika vitabu vya fasihi tunavyowasomesha watoto wetu, na jambo hilo linaniuma.

Siku nyingine pigo lilifika. Karamu ilijibiwa kwa karamu kubwa zaidi, ng'ombe akajibiwa kwa ng'ombe wawili, na wapo waliouza dhahabu na kuingia madeni ili chama chao kisizidiwe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu wa pwani waache israfu na waweke mali yao katika elimu. Simhesabu kuwa adui wa ngoma zetu. Aliona fimbo ikitua kwenye mbavu za watoto wa watu, akasema. Na wanawake wenyewe hawakuukosa ujumbe: katika miaka ya 1950 walianzisha vyama vya maendeleo, viwili, na hivyo navyo vikashindana, maana Mvita ni Mvita.

Leo harusi nyingi zimehamia kumbini, na muziki hutoka katika spika. Ukumbi una saa yake ya kufungwa, na kirumbizi haijui saa. Inahitaji kichochoro, na baraza zenye wazee wa kutikisa vichwa, kwa sababu mchezaji hawezi kuujua upana wa kiganja peke yake. Anausoma katika nyuso zao. Bado ipo, hata hivyo. Ukipita Kibokoni au Mlango wa Papa msimu wa harusi, na ukaisikia zumari, geuka ndia uifuate.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo jua lilikuwa karibu kuzama. Muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake kando ya dele, kwa mpigo ule ule wa chapuo, bila kujua. Uwanjani palikuwa na kijana hodari, mwepesi, aliyekwisha kuwakabili watatu. Ndipo mzee mmoja akashuka barazani. Alivua viatu akavipanga vizuri, kimoja kando ya kingine. Akaazimwa fimbo, akaipima uzito, akaigeuza ashike upande wa pili.

Hakuzunguka sana. Kijana alimzunguka yeye. Fimbo ya mzee ilikuwa imeelekea chini, ncha yake ikikaribia kugusa mchanga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Zumari ikapanda. Mzee akainua macho, macho tu, akautazama ubavu wa kushoto wa yule kijana. Kijana akaruka nyuma hatua mbili na kujikinga kwa fimbo yake, kwa nguvu zake zote, dhidi ya pigo ambalo halikuwa limeanza.

Kichochoro kizima kikapiga kelele. Mzee akairudisha fimbo kwa mwenyewe, akavaa viatu. Adhana ya Magharibi ikaanza kutoka msikiti wa karibu, na mpiga zumari akaitoa zumari kinywani, akafuta midomo kwa upindo wa kikoi.